Jina Lililo Chini ya Mstari

Whit Carmody alikuwa na maneno aliyopenda kuwaambia wanafunzi wapya wa Jarida la Sheria la chuo, akiwa ameegemea mlango, mikono mifukoni, kama mwenye nyumba anayewaonyesha wapangaji choo.

"Mimi sisomi chini ya mstari," alisema. "Chini ya mstari ni shamba la mwaka wa pili. Limeni."

Wanafunzi walicheka. Alikuwa mhariri mkuu, na mkubwa akitania watu hucheka. Corinne Vasko, mmoja wao, hakucheka, lakini maneno yale hakuyasahau.

Kila ukurasa wa Jarida umekatwa vipande viwili. Juu kuna maneno ya mwandishi, makubwa, yenye nafasi ya kupumua. Halafu unapita mstari mwembamba, na chini yake zinaanza tanbihi, herufi ndogo kama chawa, zinazoeleza kila jambo la juu limetoka wapi. Sheria ya Jarida haina huruma. Sentensi yoyote inayodai jambo lazima iwe na chanzo, na chanzo hicho lazima mwanafunzi akishike mkononi na kukisoma kwa macho yake. Maprofesa wenye mvi huleta makala zao pale, na vijana ambao bado wanafuliwa nguo na mama zao wakati wa likizo ndio huwauliza: hili umelitoa wapi?

Corinne aliipenda kazi hiyo. Baba yake alikuwa fundi wa matangi ya gesi huko kaskazini ya Ohio, na nyumbani kwao mtu akisema jambo aliulizwa amelijuaje.

Kiangazi kile, wenzake walipokwenda kufanya kazi kwenye maofisi ya vioo ya Columbus na Chicago, yeye alikwenda Pell Creek, mji mdogo wenye taa moja ya barabarani. Huko meya ndiye hakimu. Hakusomea sheria; anauza matrekta. Kila Alhamisi jioni huweka meza nyuma ya kituo cha zimamoto, anavua kofia ya duka lake, anaitundika kwenye msumari, anaanza kuhukumu watu. Corinne alikaa kwenye kiti cha bati kiangazi chote akisikiliza. Aliona watu wakikiri makosa ili tu warudi nyumbani kula, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwamba ana haki ya kuwa na wakili.

Mmoja wao alikuwa Ernestine Goodlow, dereva wa basi la shule. Alikuwa amekwepa mbwa barabarani kwa gari lake mwenyewe, akaingia kwenye mtaro. Meya akamwambia, kiri uendeshaji wa uzembe, tumalize. Akakiri. Kesho yake shule ikamnyang'anya kazi ya basi kwa sababu ya kosa hilo.

"Nimewabeba watoto wa mji huu mpaka nikawabeba watoto wao," alimwambia Corinne jikoni kwake, huku akimkatia kipande cha pai ya rubabu, yale mashina mekundu machachu. "Andika, binti. Lakini sikiliza. Usije ukaniita 'mwanamke mmoja'. Pale nyuma ya zimamoto nilishakuwa mwanamke mmoja. Niite jina langu."

"Nitakuita jina lako, Bi Ernestine."

"Apa."

Corinne aliapa.

Septemba akawasilisha rasimu yake. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili huandika makala, na chache huchaguliwa kuchapishwa. Ikichapishwa, jina lako linakaa juu ya mstari, na milango inafunguka. Mhariri mkuu ndiye anayesoma kwanza. Baada ya wiki mbili Whit alimwita.

"Kazi nzuri, Vasko. Tatizo, kuna mtu ameshaandika. Profesa mmoja wa magharibi, inatoka karibuni. Unajua kanuni. Mada ikishachukuliwa, imekufa."

"Jina lake nani?"

"Siwezi kusema, bado haijatoka. Niamini."

Akamwamini. Akaandika makala nyingine, kuhusu mikataba ya maghala, kavu kama mkate wa juzi. Haikuchaguliwa.

Februari zikabandikwa ubaoni kurasa za kwanza za toleo la mwisho la mwaka. Corinne alisimama mbele ya ubao na koti lake, theluji ikimyeyukia mabegani. Makala ya tatu ilikuwa ya Whit Carmody. Sentensi ya kwanza ilisema: *Kabla ya kuketi kuhukumu, meya huvua kofia ya duka lake la matrekta na kuitundika kwenye msumari.*

Aliisoma mpaka mwisho wa ukurasa. Alipofika kwenye maneno "mwanamke mmoja mzee, dereva wa basi", akayasoma mara ya pili.

Alimkuta Whit ofisini kwake anakula tufaha, miguu juu ya meza.

"Ile ni yangu," Corinne alisema.

"Ipi?"

"Usinifanye mjinga, Whit. Pell Creek. Kofia. Msumari."

Whit alitafuna, akameza. "Vasko, mada haina mwenyewe. Ni kama hewa, kila mtu anavuta."

"Hewa ile niliivuta mimi kiangazi chote kwenye kiti cha bati. Wewe ulikuwa wapi?"

"Niliboresha. Nimeongeza nadharia. Wewe ulikuwa na hadithi nzuri, ila hukujua la kuifanyia." Akaling'ata tufaha tena. "Nenda kashtaki basi. Kamati itakaa, milango itafungwa, utalia kidogo, watasema ni kutoelewana. Mimi Agosti naanza kazi mahakamani kwa Jaji Reinholt. Wewe utabaki kuwa yule msichana aliyeleta fujo. Nani atakuajiri?"

Corinne alimwangalia maji ya tufaha kwenye kidevu. Alijua hasemi uongo. Mwaka uliotangulia msichana mmoja alikuwa amelalamika jambo kama lile. Kamati ilikaa, milango ikafungwa, mwizi akaombwa aombe radhi, na sasa yuko ghorofa ya juu Chicago. Msichana alihamia chuo kingine. Hakuna kilichoandikwa popote.

Hapo ndipo Corinne alipojua anachotaka. Hakutaka radhi wala machozi ya mtu. Alitaka iandikwe, ichapwe, ishonwe ndani ya jalada la buluu, ikae kwenye rafu ya kila maktaba ya sheria nchini, mahali ambapo hakuna kamati inayoweza kufunga mlango.

"Maliza tufaha lako," alisema, akatoka.

Nafasi ilikuja yenyewe. Whit alikuwa amejichagulia mwenyewe mkaguzi, ili makala yake isimfikie Corinne. Lakini Machi kijana aliyepangiwa akaugua homa ya matezi, akarudi kwao Indiana. Odalys Ferreiro, mhariri msimamizi, ndiye aliyekuwa akigawa kazi. Alikuwa mwanamke wa Hialeah, mji wa kusini kabisa, mfupi, mwenye sauti ya kuuza samaki, na hakuna nukta iliyochapwa bila yeye kuiona. Ugomvi wa Corinne na Whit hakuujua. Alipita na rundo la karatasi akimtafuta mtu asiye na kazi.

"Vasko, umeshamaliza maghala yako? Chukua hii. Ya bwana mkubwa. Ina mashimo kama chandarua."

Corinne alipokea, akakaa nayo dirishani. Ilikuwa kweli. Whit alikuwa ameiba maneno, lakini chanzo cha maneno hakuwa nacho. Kila alipoeleza jambo la Pell Creek, chini ya mstari palikuwa peupe. Mbele kabisa alikuwa amebandika karatasi ndogo ya njano kwa ajili ya atakayekagua, kwa mwandiko wake wa haraka: *Tafuta chochote, jaza, usinisumbue.*

Alicheka peke yake mpaka msichana wa meza ya pili akageuka kumtazama.

Wazo la kwanza lilikuwa baya. Angeweza kuweka kesi isiyokuwepo, hukumu ya kubuni, akamwacha Whit aanguke nayo hadharani. Alilizungusha wazo hilo kichwani asubuhi nzima, na lilikuwa tamu. Lakini kosa la kubuni lingekuja kusemwa ni la mkaguzi. Ukweli Whit asingeweza kumbebesha mtu mwingine.

Akaanza kujaza mashimo kwa kufuata kanuni, neno kwa neno. Kanuni inasema, chanzo kisichochapishwa huwekwa kwenye jalada la Jarida, yaani faili la ofisini, na tanbihi iseme kiko humo. Akatoa rasimu yake ya Septemba, na maelezo ya kila Alhamisi aliyokaa Pell Creek, akaviweka kwenye jalada. Kanuni inasema pia, ukitaja hukumu lazima useme iliishia wapi, kama ilithibitishwa au ilitupwa. Hakuona kwa nini rasimu inyimwe heshima hiyo. Kwa hiyo kwenye shimo la kwanza, lile la kofia na msumari, aliandika:

*Corinne Vasko, rasimu ya makala iliyowasilishwa kwa Jarida hili mwezi wa Septemba, ikakataliwa na mhariri mkuu W. Carmody (iko kwenye jalada la Jarida).*

Na pale kwa mwanamke mmoja mzee:

*Mazungumzo ya Corinne Vasko na Bi Ernestine Goodlow, dereva wa basi la shule, jikoni kwake, Pell Creek, Ohio (yako kwenye jalada la Jarida).*

Baada ya hapo ilikuwa rahisi, maana chanzo kikishatajwa mara moja hufupishwa. *Vasko, hapo juu. Vasko, hapo juu. Goodlow, hapo juu.* Yakateremka ukurasa baada ya ukurasa, kama misumari kwenye ubao.

Odalys alimwita keshokutwa yake. Karatasi zilikuwa mbele yake, kalamu nyekundu sikioni. Alifunga mlango.

"Dada, hizi tanbihi zina jina lako."

"Ndiyo."

"Zote."

"Siyo zote. Nyingine za Bi Goodlow."

Odalys alimkazia macho. "Rasimu nimeitoa kwenye jalada, nimeisoma. Kisha nimesoma ya Whit. Kisha nikaenda kuvuta sigara, na niliacha sigara miaka mitatu iliyopita."

Kwa Odalys mambo yangeweza kuishia pale pale, kwa simu moja kwa Whit.

"Hii 'ikakataliwa na mhariri mkuu'," Odalys alisema, "ni ya lazima?"

"Kanuni inataka mwisho wa chanzo ujulikane."

"Kwa hukumu."

"Ile ilikuwa hukumu."

Odalys alivuta karatasi, akaipitia polepole, kidole kikitembea chini ya kila mstari. Corinne alisikia bomba la joto likigonga ukutani.

"Kila moja iko sawa," Odalys alisema mwishowe. "Natafuta kosa sioni." Akachomoa kalamu sikioni, akaweka alama moja. "Hapa ulisahau mkato."

"Asante."

"Usiniambie asante. Sijaona kitu. Mimi nakagua mikato." Corinne alipofika mlangoni, Odalys aliongeza. "Lazima Whit asaini nakala ya mwisho kabla haijaenda kiwandani kuchapwa. Akisoma chini ya mstari, tumekwisha, mimi na wewe."

"Hatasoma."

Whit alisaini siku ile ile akiwa kwenye simu, karatasi zimewekwa juu ya goti. Alifunua juu, juu, juu. Odalys alisimama mbele yake akitafuna ubani.

Karamu ya mwisho wa mwaka ilifanyika Aprili katika hoteli iliyo ng'ambo ya mto, mchana. Ilikuwa na kuku mkavu, maharagwe mabichi, na mikate midogo iliyokwisha kupoa. Toleo jipya lilikuwa limewekwa kwenye kila kiti, jalada la buluu bado likinuka gundi. Mgeni wa heshima alikuwa Jaji Reinholt mwenyewe, mzee mrefu mwenye nyusi kama brashi, ambaye enzi zake alikuwa mhariri wa Jarida hilo hilo. Whit aliketi kuliani kwake na tai mpya. Corinne na Odalys walikuwa meza ya mwisho, karibu na jikoni.

"Anakula?" Corinne aliuliza bila kugeuza kichwa.

"Nani, jaji? Amesukuma sahani. Ameshika kitabu." Odalys akanyoosha shingo. "Ee Bikira Maria. Anasoma kutoka chini."

Wahariri wa zamani ndivyo walivyo. Maneno ya juu wanayajua yatakuwa mazuri tu. Wanataka kuona yamesimama juu ya nini. Jaji alilamba kidole, akafunua ukurasa, akalamba, akafunua. Nyusi zikakutana. Whit alikuwa akimsimulia jirani yake jambo la gofu.

"Kijana," jaji alisema. Hakupaza sauti, lakini ilikuwa sauti iliyozoea kunyamazisha mahakama, na meza za karibu zikanyamaza. "Huyu Vasko ni nani?"

Whit alitabasamu. "Samahani, Mheshimiwa?"

"Kila nikishuka chini namkuta. Vasko, hapo juu. Vasko, hapo juu." Aliinua kitabu mbali kidogo na macho. "Rasimu ya makala, ikakataliwa na mhariri mkuu W. Carmody. W. Carmody ni wewe?"

Uso wa Whit ulibadilika rangi kuanzia shingoni. Alinyakua nakala yake, akafunua, na kwa mara ya kwanza mwaka ule macho yake yakashuka chini ya mstari.

"Ni... ni makosa ya mkaguzi, Mheshimiwa."

"Makosa? Basi huyu mama Goodlow ulizungumza naye wewe?"

"Jarida lilifanya utafiti..."

"Jarida halina makalio ya kukalia kiti cha jikoni, kijana. Nakuuliza wewe. Ulikaa naye?"

Akisema ndiyo, anaukana ukurasa aliousaini mwenyewe. Akisema hapana, amekwisha. Whit aliendelea kufunua kurasa.

"Bi Vasko yumo humu?" jaji aliuliza.

Corinne alisimama.

"Mama yule alikuambia haya kwa mdomo wake?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Alinipa pai ya rubabu."

"Na yeye bwana Carmody?"

"Yeye hajawahi kufika Pell Creek. Muulize uko upande gani wa Ohio."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Jaji hakumuuliza Whit kitu kingine. Alifunga kitabu, akakiweka juu ya sahani ya kuku, akasogeza kiti chake kikaachana na cha Whit. Hotuba yake ilikuwa fupi, na jina la mhariri mkuu halikuwemo. Jumatatu ikajulikana kwamba nafasi ya Agosti amepewa mwingine.

Lakini kabla ya Jumatatu, Whit alimkuta Corinne kwenye chumba cha makoti. Tai ilikuwa imelegea.

"Umeniua, Vasko."

"Nimejaza mashimo. Uliandika mwenyewe: tafuta chochote, jaza, usinisumbue. Nimekusumbua?"

"Ungekuja kuniambia tukayamaliza kiutu uzima!"

"Nilikuja. Ulikuwa unakula tufaha."

Akachukua koti lake na kumpita.

Wiki iliyofuata aliitwa na Profesa Imogen Stroud, mlezi wa Jarida. Alikuwa mwanamke mpole mwenye kikohozi, na siku hiyo alionekana kama hajalala. Alimkaribisha chai. Alisema chuo kimeona aibu. Alisema Carmody amevuliwa cheo.

"Na kuna hili, Corinne. Tunaweza kuzirudisha nakala zote. Tuziharibu, tuchape upya. Makala itakuwa yako, maneno yako ya Septemba, jina lako juu. Unaelewa maana yake kwa mtu anayetafuta kazi?"

Corinne alielewa. Aliliona jina lake, herufi kubwa, juu ya mstari. Alimwona baba yake akilionyesha kule karakana.

"Whit amekubali?"

"Amekubali. Kusema kweli yeye ndiye aliyeomba. Ameandika kabisa. Anasema ni haki yako."

Corinne aliweka kikombe chini. Yeye ndiye aliyeomba! Nakala zikirudishwa, zikisagwa, jina la Carmody linaondoka na ule uchafu wote. Baada ya miaka kumi atakuwa mtu safi kwenye ofisi safi, na mtu akiuliza, pale kwenye rafu hakuna kitu. Kutoelewana tu. Zawadi ile ya Corinne ndiyo ingekuwa sabuni ya Whit.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Toleo liacheni kama lilivyo."

"Mwanangu, utapoteza. Jina lako litabaki chini, kwenye herufi zisizosomwa na mtu. Watakuuliza umechapisha nini, utasema nini?"

"Nitasema tanbihi."

"Kisasi kitakukosesha makala."

"Najua," Corinne alisema. "Lakini nataka kila atakayemtafuta Whit Carmody mpaka anakufa alikute jina lake pale juu, kisha ashuke anikute mimi. Hilo msimwondolee."

Profesa Stroud alikohoa, akavikusanya vikombe vya chai. Nje Odalys alikuwa akimsubiri ukumbini.

"Wamekupa?"

"Wamenipa. Nimekataa."

Odalys alipiga ishara ya msalaba. "Wewe mwanamke mbaya sana."

"Najua."

"Sikusema uache."

Jumamosi Corinne aliendesha gari hadi Pell Creek, na toleo la buluu kwenye kiti cha abiria. Bi Ernestine alivaa miwani yake ya kusomea, akafunua mahali alipoonyeshwa, akasogeza ukurasa dirishani.

"Sijioni. Nakuta tena 'mwanamke mmoja'. Uliapa, binti."

"Shuka chini. Chini ya mstari."

Kidole kikashuka. Kikasimama. Midomo ya mama yule ikasoma bila sauti, *Bi Ernestine Goodlow, dereva wa basi la shule*, ikarudia tena. Kisha akarudi juu ya ukurasa.

"Na huyu aliyekaa juu ni nani?"

"Mwizi."

"Anajua tumekaa chini yake?"

"Anajua sasa."

"Anaweza kututoa?"

"Alijaribu. Nimemkatalia."

Bi Ernestine alivua miwani, akaifuta kwa aproni kwa uangalifu. Akacheka, cheko la chini lililoanza kifuani na kuchelewa kufika mdomoni.

"Basi vua koti ukae," alisema, akichomoa kisu kwenye droo. "Pai ya leo ni ya tufaha."

"Kata kipande kikubwa," Corinne alisema.